Mafundi wa kukereza mbao na kofia ya hewa: Inunuliwe ipi, na avae nani?

UKIPITA katika mitaa ya mafundi hapa Bujumbura, ikiwemo Buyenzi, utakuta karakana za useremala ambako miguu ya vitanda, nguzo za ngazi na miguu ya meza hutengenezwa kwa mashine ya kukereza. Kipande cha mti hubanwa kati ya ncha mbili, mota hukizungusha, na fundi huegemeza bobari kwenye chuma cha kushikizia akachonga huku mti ukizunguka. Kilichoingia kikiwa na pembe nne hutoka mviringo, kina shingo na tumbo kama mtungi. Ni kazi inayopendeza kuitazama.

Mtazame sasa fundi mwenyewe. Nyusi na nywele zake zimegeuka rangi ya mti anaouchonga. Puani amefunga kitambaa, au amevaa barakoa ya karatasi iliyobaki tangu siku za Korona, au hana kitu kabisa. Kando yake yupo kijana wa miaka 16 au 17 anayejifunza kazi. Huyu hapewi bobari kwa sababu bado hajaiva, hupewa msasa. Kutwa nzima anapiga msasa huku mti ukizunguka, uso wake ukiwa karibu kabisa na mashine. Katika karakana nzima hakuna anayekula vumbi kumzidi yeye.

Nimekuwa nikiulizwa na mafundi, na hata na wazazi wa wanafunzi wangu, kuhusu kifaa ambacho wakerezaji wa Ulaya na Marekani hukivaa. Ni kofia yenye kioo mbele ya uso, feni ndogo, betri na kichujio, ambayo humpulizia fundi hewa safi. Katika makala haya nitaiita kofia ya hewa. Wenye ndugu Kanada, Ubelgiji au Norwei wanataka kuagiza, na wanauliza ipi ni nzuri. Swali lao ni la maana, lakini ndani yake kuna jingine ambalo halijaulizwa: kofia ikifika, itavaliwa na nani?

Vumbi lisiloonekana ndilo baya zaidi

Mafundi wengi hulipima vumbi kwa macho. Maranda yakijaa sakafuni husema leo kuna uchafu mwingi. Ukweli ni kwamba maranda hayadhuru mapafu, kwa kuwa ni makubwa na huanguka chini papo hapo. Vumbi la kuogopwa ni lile dogo ambalo jicho haliwezi kuliona.

Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe za vumbi zilizo kubwa kidogo hunaswa puani na kooni. Zile zilizo chini ya maikroni 10 huanza kushuka kifuani, na zilizo ndogo zaidi, za maikroni 4 kushuka chini, hufika mwisho kabisa wa mapafu. Chembe kama hizo hazianguki upesi. Katika chumba kisicho na upepo zinaweza kuelea kwa saa nyingi. Ndiyo maana fundi anayevua barakoa mara tu anapozima mashine, akakaa palepale kula chakula chake cha mchana, anaendelea kuvuta vumbi la asubuhi bila kujua.

Msasa ndio mama wa vumbi hilo. Bobari kali hukata maranda marefu, wakati msasa husaga mti kuwa unga. Kadiri msasa unavyokuwa laini, ndivyo na unga unavyokuwa mwembamba.

Isitoshe, miti haifanani. Mvule, ambao unapendwa sana katika ukanda wetu, unajulikana kwa kuwasha ngozi, kuziba pua na kuleta pumu kwa baadhi ya watu. Mninga na mpingo nao wamo katika orodha ya miti inayosumbua. Tena mtu anaweza kufanya kazi na mti fulani kwa miaka bila tatizo, kisha siku moja mwili ukaukataa, na tangu hapo hata vumbi kidogo likamletea kifua. Kwa upande wa mbao za kiwandani zinazoshindiliwa kwa unga na gundi, zile ziitwazo MDF, vumbi lake hubeba na gundi yenye kemikali ya fomaldehaidi.

Somo kutoka High Wycombe

High Wycombe ni mji wa Uingereza uliojulikana kwa kutengeneza viti. Kwa miaka mingi mafundi wa eneo hilo walikereza miguu ya viti, hasa kwa miti ya misituni jirani. Katika miaka ya 1960 daktari wa masikio, pua na koo wa huko, Esme Hadfield, aliona jambo la ajabu: aina ya saratani ya pua ambayo kwa kawaida ni nadra sana ilikuwa ikiwapata wafanyakazi wa viwanda vya samani. Mwaka 1968 yeye pamoja na Donald Acheson na wenzao walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika jarida la madaktari wa Uingereza, na dunia ikaanza kulitazama vumbi la mbao kwa jicho jingine.

Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi lile lile lenye moshi wa sigara. Ufafanuzi unahitajika hapa ili tusitishane bure. Kundi hilo huonyesha jinsi ushahidi ulivyo thabiti, halimaanishi kwamba hatari ni sawa na ya sigara. Saratani ya pua bado ni ugonjwa wa nadra, hata kwa maseremala. Wanaoumia kwa pumu, mafua yasiyoisha na kikohozi ni wengi kuliko hao. Hata hivyo, saratani hiyo huchukua miongo kadhaa kujitokeza. Kijana anayeanza kupiga msasa akiwa na miaka 16 anaweza kuja kuambiwa habari zake akiwa na wajukuu.

Ulaya imechukua hatua. Kwa sheria ya mwaka 2017, nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana kwamba vumbi la miti migumu katika hewa ya mahali pa kazi lisizidi wastani wa miligramu 3 kwa kila mita moja ya ujazo kwa saa 8 za kazi, na kuanzia Januari 2023 kiwango hicho kikashushwa hadi miligramu 2. Miligramu 2 ni sawa na punje chache za sukari. Fikiria punje hizo zimesagwa na kutawanywa ndani ya sanduku lenye urefu, upana na kimo cha mita moja: zaidi ya hapo, Ulaya inasema ni hatari.

Shamba la aliyerudi

Huenda msomaji atauliza kwa nini mwalimu anajiingiza katika mambo ya mafundi. Sababu ninayo. Wazazi wetu walikimbia nchi mwaka 1972, nasi tukazaliwa na kusoma Tanzania. Wengine walikuwa Katumba na Mishamo. Mimi nilisomea Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa Kiswahili, tukikalia madawati ya mninga yaliyotengenezwa na mafundi wa makazini humo humo. Kuanzia mwaka 2008 makumi ya maelfu kati yetu walirudi Burundi. Wengi walikuta mashamba ya baba zao yanalimwa na watu wengine, na mashauri ya ardhi hayakwisha upesi.

Aliyerudi na ufundi mkononi alikuwa na pa kuanzia. Alihitaji kibanda, umeme na mbao. Mtu wa namna hiyo shamba lake ni mikono yake na pumzi yake. Pumzi ikikatika akiwa na miaka 45, hana ardhi ya kurudia wala malipo ya uzeeni ya kumtunza. Watoto wake watatoka shuleni, nami nitawaona wakikosekana darasani. Kwa hiyo suala la vumbi la mbao ni suala la riziki, na kwa njia hiyo ni suala la shule pia.

Kabla ya kofia

Hakuna kofia inayoweza kufanya kazi ya karakana iliyopangwa vibaya. Kabla ya kutoa hata faranga moja, fundi ayatazame haya, maana mengi hayana gharama.

Kwanza, anoe zana. Bobari iliyonolewa vizuri huacha mti ukiwa laini, na msasa unaohitajika huwa mchache. Dakika tano za kunoa huokoa nusu saa ya kusaga unga.

Pili, apange upepo. Mashine iwekwe karibu na mlango au dirisha ambako upepo wa mchana kutoka Ziwa Tanganyika unapita. Upepo upite ubavuni mwa fundi. Ukimpiga usoni humletea vumbi lote. Ukitoka mgongoni kwake hutengeneza kizunguzungu mbele ya kifua chake na vumbi hupanda puani. Feni ya kutoa hewa nje, ikiwekwa upande wa pili wa mti unaozunguka, husaidia zaidi. Mwenye uwezo wa kununua mashine ya kufyonza vumbi aweke mdomo wake karibu kabisa na mahali pa kupigia msasa, kwa sababu nguvu ya kufyonza hupungua haraka sana kila unaposogea mbali.

Tatu, apunguze mwendo wa mashine wakati wa kupiga msasa, na pale kazi inaporuhusu apake mafuta au nta kwenye mti kwanza. Unga ulioshikwa na mafuta huwa tope na hauruki.

Nne, asifagie kukavu wala kupuliza sakafu na nguo zake kwa kompresa. Kufanya hivyo ni kulirudisha hewani vumbi lililokwisha kutua. Anyunyize maji kidogo sakafuni, mbali na nyaya za umeme, kisha afagie. Nguo za kazi zibaki kazini, asije akawakumbatia watoto nyumbani akiwa na vumbi la mvule kifuani.

Kofia ya hewa inavyofanya kazi

Barakoa ya kawaida humtaka mvaaji avute hewa mwenyewe kupitia kitambaa cha kichujio. Ikiwa haikubana vizuri usoni, hewa hupita pembeni, na vumbi pamoja nayo. Ndevu za siku mbili tu zinatosha kuharibu mbano huo.

Kofia ya hewa hugeuza mambo. Feni inayoendeshwa na betri huvuta hewa kupitia kichujio na kuisukuma usoni mwa fundi, nyuma ya kioo. Kwa kuwa hewa inasukumwa ndani wakati wote, hutoka nje kupitia kingo za kofia, na vumbi hushindwa kuingia kinyume chake. Ndiyo sababu haihitaji kubana. Mwenye ndevu huivaa, mwenye miwani huivaa bila kioo kuingia ukungu, na katika joto la Bujumbura upepo ule humburudisha. Hili la mwisho si anasa. Barakoa ya mpira inayomtoa mtu jasho huvuliwa kabla ya saa nne asubuhi, na barakoa iliyoning'inia shingoni haimkingi mtu.

Namba za kusoma kabla ya kulipa

Kofia zinazofuata viwango vya Ulaya huandikwa daraja lake: TH1, TH2 au TH3. Kwa hesabu inayotumika Uingereza, TH1 hupunguza vumbi mara 10, TH2 mara 20, na TH3 mara 40. Wamarekani wana hesabu yao. Nyingi ya kofia za namna hii zisizobana uso wao huzipa namba 25.

Tuchukue mfano wa darasani. Tuseme hewa iliyo mbele ya mashine wakati wa msasa ina miligramu 30 za vumbi kwa kila mita ya ujazo. Aliyevaa TH1 atavuta miligramu 3, yaani juu ya kiwango cha Ulaya. Mwenye TH2 atavuta 1.5, na mwenye TH3 hata moja haifiki. Kwa mkerezaji anayepiga msasa kila siku, TH2 ndiyo iwe ya chini kabisa.

Namba ya pili ni ya upepo. Mtu anayefanya kazi ngumu huvuta pumzi kwa vishindo, na kwa nukta chache anaweza kuvuta hewa kwa kasi inayozidi lita 100 kwa dakika. Feni ikiwa dhaifu kuliko pumzi yake, hewa chafu hunyonywa kupitia kingo. Wamarekani hudai kofia isiyobana itoe angalau lita 170 kwa dakika. Kofia nzuri huja na kifaa kidogo cha kupimia upepo kila asubuhi, na baadhi zina king'ora kinacholia upepo ukipungua. Isiyo na kimojawapo kati ya hivyo isinunuliwe, kwa kuwa betri iliyochoka na kichujio kilichoziba havionekani kwa macho.

Aidha, kwa bidhaa za Ulaya, tazama alama ya CE. Vifaa vya kukinga pumzi huwa na tarakimu nne kando ya alama hiyo, zinazoonyesha chombo kilichosimamia ubora. CE isiyo na tarakimu nne kwenye kofia ya hewa ni sababu ya kutia shaka. Mitandaoni kuna barakoa nyingi za bei poa zilizobandikwa feni ndogo, zisizo na daraja lolote. Hizo ni za kupepea uso tu.

Kioo kinakinga nini

Kukereza kuna hatari ya pili ambayo haihusu mapafu: mti unaweza kupasuka au kuchomoka. Bakuli lenye upana wa sentimita 30, likizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia karibu mita 16 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 55 kwa saa. Ni mwendo wa pikipiki mjini.

Vioo vingi vilivyopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 166 vina herufi. F maana yake kioo kilivumilia risasi ndogo ya chuma iliyopigwa kwa mita 45 kwa sekunde, na B ni mita 120 kwa sekunde. Kwa mkerezaji, tafuta B. Kwa bidhaa za Marekani, tafuta alama ya Z87+. Kofia za hospitalini zilizosambaa wakati wa Korona zinaweza kuchuja hewa vizuri, ilhali plastiki yake laini haikutengenezwa kuzuia kipande cha mti.

Hapa pia pana la kuangalia. Ile risasi ya majaribio ina upana wa milimita 6, na uzito wake haufiki gramu moja. Kioo chenye B hukinga vipande na mikwaruzo. Hakiahidi kuzuia bakuli zima la kilo mbili. Kwa hiyo aliyevaa kofia bora kuliko zote bado anapaswa kusimama pembeni anapowasha mashine, kuanza na mwendo wa polepole, na kukataa mti wenye ufa.

Mota ikae kichwani au kiunoni?

Kuna mapishi mawili. Katika lile la kwanza, mota, betri na kichujio vyote vimo ndani ya kofia. Airshield Pro ya kampuni ya Trend ya Uingereza, inayojulikana sana kwa wakerezaji, ni ya aina hii. Haina bomba wala mkanda, mtu huivaa na kuanza kazi. Tatizo lake ni uzito wa karibu kilo moja kichwani, na mlio wa feni karibu na masikio.

Katika la pili, mota na betri hufungwa kiunoni na bomba laini hupandisha hewa kichwani. Versaflo ya 3M na SR 500 ya Sundström ya Sweden ni mifano. Kichwa huwa chepesi, upepo huwa mwingi, na betri huwa kubwa. Lakini bomba linapaswa kupita mgongoni na kubanwa vizuri. Chochote kinachoning'inia mbele ya mashine inayozunguka kinaweza kunaswa na kumvuta mtu.

Anayekereza saa mbili au tatu kwa siku atatosheka na ya kwanza. Anayekereza kutwa, au mwenye maumivu ya shingo, heri ya pili. Bei nazo hazilingani: zile za kichwani huuzwa kwa mamia ya dola, na seti za kiunoni za viwandani mara nyingi hupita dola 1,000.

Betri, chaja na vichujio

Ndugu aliye Kanada au Marekani anaponunua, asome maandishi yaliyo kwenye chaja. Huko umeme ni volti 120, hapa kwetu ni 220. Chaja iliyoandikwa 100–240 itafanya kazi pote. Iliyoandikwa 120 pekee itaungua siku ya kwanza. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi katika mizigo inayowekwa tumboni mwa ndege, hubebwa mkononi na abiria.

Na kwa kuwa umeme wetu hukatika, betri moja haitoshi. Feni ikizimika, kofia hugeuka kuwa sanduku la kuvutia vumbi. Nunua mbili, na jiwekee sheria kwamba betri ikiisha, msasa nao umekwisha.

Vichujio ndivyo vitakavyoamua kama kofia itadumu. Kofia bila kichujio kipya ni pambo la ukutani. Kabla ya kuagiza, ulizia: vichujio vyake vinapatikana Nairobi, Dar es Salaam au Kigali? Vinauzwaje? Je, modeli hii bado inatengenezwa? Mwaka 2020 kampuni ya 3M ilitangaza kuacha kutengeneza kofia zake za Airstream, ambazo wachimbaji wa makaa ya mawe wa Marekani walizitumia kwa miaka mingi. Anayepewa leo kofia kuukuu kwa bei ya kutupa anaweza kukuta kwamba hakuna duka lenye vichujio vyake.

Kichujio kisioshwe kwa maji wala kupulizwa kwa kompresa, maana nyuzi zake hutoboka na vumbi dogo likapita. Badilisha kile kitambaa cha mbele kinachonasa vumbi kubwa, na kichujio chenyewe upepo unapopungua. Kumbuka pia kwamba kichujio cha vumbi hakizuii mvuke wa vanishi na tina. Kwa kazi ya kupuliza rangi kunahitajika kichujio cha aina nyingine.

Avae nani?

Sasa tufike kwenye lile swali la mwanzo. Katika karakana zetu kifaa cha thamani ni cha mwenye karakana. Kofia ya dola 400 ikija kutoka ng'ambo, itavaliwa na mkubwa anayekata kwa bobari, naye kijana wa msasa ataendelea na kitambaa chake. Kwa maneno mengine, kinga itakwenda kwa anayetengeneza maranda, na anayetengeneza unga ataachwa.

Kuna njia nyingine ya kuzitumia fedha hizo. Barakoa ya mpira inayofunika pua na mdomo, yenye vichujio vya kubadilisha vya daraja la P3 la Ulaya au P100 la Marekani, huuzwa kwa dola 30 au 40 hivi. Kwa bei ya kofia moja ya hewa, karakana ya watu kumi inaweza kuwapa barakoa wote. Ina masharti yake: mvaaji awe amenyoa, aivae bila kuivua kila mara, na aongeze miwani au kioo cha uso. Kwa kijana ambaye ndevu bado hazijaota, hayo yanawezekana. Hata barakoa za kutupa za FFP2, FFP3 au N95, zikiwa halisi na zikibana, ni bora mara nyingi kuliko kitambaa.

Ushauri wangu kwa karakana na vyama vya ushirika ni huu. Fedha za kwanza ziende kwenye kunoa, upepo na kufyonza vumbi, kwa sababu hilo humsaidia kila aliyemo, hata mteja na mama anayeleta chakula. Za pili zinunue barakoa za mpira kwa wote. Za tatu, zikipatikana, zinunue kofia ya hewa ya TH2 au zaidi yenye kioo cha B, na ivaliwe na anayepiga msasa, awe mkubwa au mdogo. Wakipokezana, kila mmoja awe na utepe wake wa jasho, na kioo kifutwe kabla ya kuvaliwa na mwingine. Mkubwa mwenye ndevu ambaye barakoa haimbani, yeye ana haki ya kofia yake mwenyewe.

Kuhusu umri, Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1999, ambao tangu 2020 umeridhiwa na nchi zote wanachama, unakataza kuwapa walio chini ya miaka 18 kazi zinazoweza kuharibu afya yao. Msasa wa kutwa nzima bila kinga sioni namna ya kuutoa katika maelezo hayo. Mwanagenzi ana haki ya kufundishwa bobari mapema, na msasa ugawanywe kwa zamu.

La mwisho ni kwa kila fundi. Ukienda hospitali kwa ajili ya kikohozi kisichoisha, kifua kinachobana mwisho wa juma la kazi na kupata nafuu siku za mapumziko, au pua iliyoziba au kutoa damu upande mmoja tu, mwambie daktari kazi yako bila kusubiri kuulizwa. Kule High Wycombe ugonjwa ulijulikana kwa sababu daktari alitaka kujua wagonjwa wake wanafanya kazi gani.

Nanyi ndugu zetu mlio ng'ambo, mkitaka kuleta zawadi ya kofia, ileteni pamoja na vichujio vya mwaka mzima na betri ya pili. Kisha pigeni simu karakanani muulize: leo nani ameshika msasa? Yeye ndiye wa kuvishwa.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sayansi mjini Bujumbura. Alisomea Ulyankulu, Tanzania, kabla ya kurejea Burundi.